Kuhamisha Taka Si Kuziondoa



Juma hili tulikusudia kuendelea na mada ya malezi ya vijana, lakini limeingia jambo lisiloweza kungoja, maana siku yake ni Jumamosi ijayo. Katika ofisi za serikali za mitaa inayoizunguka parokia yetu limebandikwa tangazo la mpango mpya wa kukusanya taka za majumbani. Wengi wamelisoma kama tusomavyo matangazo ya kukatika kwa maji, yaani kwa jicho moja huku tukitembea. Wenyeviti wa jumuiya zetu tatu walilinakili kwa mkono, wakatuletea nyumba ya mapadre, nasi tumelisoma mara mbili. Tunasema wazi tangu mwanzo kwamba mpango huu, kama ulivyoandikwa, haufai, na tunawaomba waamini wetu waende wakaupinge kwa adabu na kwa hoja.

Ziko sauti zitakazosema kwamba padre ameacha altare akaingia jalalani. Tumekwisha kuzisikia. Marehemu Papa Fransisko aliandika waraka wake wa Laudato Si' mwaka 2015, na katika sura yake ya kwanza kabisa alizungumzia takataka, tena akaiunganisha tabia ya kutupa vitu na tabia ya kuwatupa watu. Asiyetaka padre aseme habari za taka na aanze kumlaumu yeye.

Tuutazame mpango wenyewe. Gari la taka, ambalo kwa mkataba wa sasa hutakiwa kupita mara mbili kwa juma, litapita mara moja. Halitaingia tena katika njia za ndani. Litasimama kwenye vituo vitatu kando ya barabara ya lami, na kila kaya itapeleka taka zake huko kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Ada ya mwezi itapanda, nayo italipwa kwa kiwango kimoja na kila kaya, awe mwenye nyumba ya ghorofa au mpangaji wa chumba kimoja. Wasukuma mikokoteni na waokota chupa watapigwa marufuku kugusa taka kwa madai kwamba wanazitawanya. Na katika kila kituo yatawekwa mapipa ya rangi mbili, moja la taka za kawaida na moja la taka za kurejeleza, na kwa mapipa hayo mpango unajiita wa kisasa.

Tulimtuma mzee mmoja wa baraza la walei akaulize swali moja tu: je, gari lenyewe lina sehemu mbili ndani yake? Halina. Mapipa mawili yatamiminwa katika tumbo moja, na yote yatakwenda dampo pamoja. Hapo rangi za mapipa ni za kupigia picha.

Sasa twende jikoni, kwa kuwa mpango wowote wa taka unaoanzia kwenye gari umeanzia mahali pasipo. Mwanamke yeyote wa jumuiya zetu anaweza kuwaambia wapangaji kilichomo ndani ya ndoo yake bila kufanya utafiti: maganda ya ndizi na ya muhogo, machicha ya nazi, mabua ya mchicha, vichwa vya dagaa, majani ya chai, ukoko ulioshindikana, maganda ya nanasi na ya tikiti msimu wake ukifika. Juu yake kuna chupa mbili tatu za plastiki, gazeti, kopo, na kwa wenye watoto wachanga kuna pampasi. Taka za jiji hili kwa zaidi ya nusu ni mabaki ya jikoni yanayooza. Hilo linajulikana tangu zamani na kila anayeshughulika na taka mjini analikubali. Kwa joto la Dar es Salaam machicha ya nazi hayafiki siku ya tatu. Yanachacha, yanatoa maji, inzi wanaitana.

Mpango unataka ndoo hiyo ikae siku saba. Wapi? Katika nyumba yenye geti na bustani, ndoo ya siku saba ni usumbufu. Katika nyumba ya vyumba sita yenye familia sita, ua mmoja, choo kimoja na bomba moja, ndoo sita za siku saba ni ugonjwa. Hatutii chumvi. Kipindupindu kilipolipuka katika jiji hili mwezi Agosti 2015 na kuenea nchini, ilifika mahali Rais Magufuli akafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba mwaka huo, akaagiza siku hiyo itumike kufanya usafi. Tulishika mafagio nchi nzima. Lakini fagio hukusanya tu. Halisemi kilichokusanywa kinakwenda wapi, na swali hilo ndilo lililobaki hadi leo katika njia zetu za ndani.

Tunajua kinakokwenda. Mvua kubwa ikianza usiku, milango inafunguliwa na viroba vinamiminwa mtaroni, ili maji yavichukue. Maji hayavifikishi mbali. Yanavichukua mpaka kwenye daraja la kwanza, yanaziba hapo, na asubuhi nyumba za bondeni zimejaa maji hadi kitandani. Wanaoishi karibu na Msimbazi hawahitaji kuelezwa. Wanaofanya hivyo ni pamoja na waamini wetu, wengine wakiwa na rozari shingoni, nasi tumewaambia hayo kanisani na tunawaambia tena hapa. Ila na tuseme haki: mtu ambaye gari halikufika kwake juma la tatu sasa, na bado amedaiwa ada ya mwezi mzima, yuko katika majaribu ambayo mpango mpya utayazidisha maradufu.

Halafu ni nani atakayebeba ndoo hizo hadi barabarani kati ya saa moja na saa tatu asubuhi? Baba yuko kwenye daladala tangu saa kumi na moja. Mama muuza mboga ametoka saa kumi kwenda sokoni kuwahi mzigo. Wanaobaki ni bibi, mgonjwa, na mtoto anayepaswa kuwa darasani. Jumuiya mojawapo kati ya zetu ina wajane saba wanaoishi peke yao, na kutoka kwao hadi lami ni mteremko wenye mawe. Aliyeandika mpango huu hakuwahi kupanda mteremko huo akiwa na ndoo kichwani.

Hii si mara ya kwanza kwa jiji letu kudhani kwamba taka zikisogezwa zimeondoka. Vijana wetu wengi hawajui kwamba Tabata, ambako leo kuna nyumba nzuri na makanisa yanayojaa, palikuwa dampo la jiji. Wakazi waliishi na moshi, harufu na inzi, wakalalamika mpaka wakachoka, na mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu. Katika kesi namba 29 ya mwaka huo, mahakama iliiamuru Halmashauri ya Jiji iache kumwaga taka pale na itafute mahali pasipohatarisha afya za watu. Jaji aliitazama ibara ya 14 ya Katiba, inayohusu haki ya kuishi, akaona kwamba kumfukizia mtu moshi wa taka ni kuigusa haki hiyo. Ilikuwa hukumu ya fahari. Halmashauri ikaomba muda, ikaongezewa, ikaomba tena, na ilipobanwa kabisa mwaka 1991 ikafanya nini? Ikazibeba taka ikazipeleka Kunduchi Mtongani, kati ya makazi ya watu wengine. Wakazi 795 wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda.

Baada ya hapo zikahamia Vingunguti. Kutoka Vingunguti zikahamia Mtoni, upande wa Temeke. Kutoka Mtoni zikahamia Pugu Kinyamwezi, kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji. Orodha hiyo na isomwe polepole. Kila jina ni mtaa wa watu walioambiwa kwamba wao ndio mwisho wa safari, na kila safari imekuwa ndefu kuliko iliyotangulia, mafuta mengi zaidi, foleni ndefu zaidi, na ada kubwa zaidi. Tunapoulizwa kwa nini gari haliwezi kupita mara mbili kwa juma, jibu la kweli liko katika orodha hiyo: gari linatumia siku yake barabarani likibeba maganda ya ndizi yenye maji kwenda Pugu, kuyafukia na vitu ambavyo vingeuzwa.

Kuna jambo la pili katika historia hiyo. Mwaka 1994 jiji lilianza kuwapa watu binafsi kazi ya kukusanya taka, likaanza na kampuni moja katika kata 10 za katikati, na baadaye makampuni na vikundi vingi vikaingia. Utaratibu wenyewe ni kwamba mkandarasi hujilipa kutokana na ada anayokusanya kwa kaya. Hatusemi ni dhambi. Lakini ni lazima tuelewe unavyofanya kazi: anayejilipa kwa ada atapenda kwenda penye lami na penye wenye kulipa, na ataziona njia za ndani kuwa hasara. Mpango ulioko mezani umeichukua hasara hiyo ya mkandarasi na kuikabidhi kwa bibi wa mteremkoni, kisha ukampandishia na ada. Kwa hesabu ya kawaida, huduma ikipungua kwa nusu bei haipandi.

Tukija kwa waokota chupa, tunawaomba wasomaji watusindikize kwanza hadi Misri, kwa sababu yanayopangwa mtaani kwetu yalikwisha kujaribiwa Kairo na matokeo yake yanajulikana. Chini ya mlima Mokattam wanaishi watu waitwao Zabbaleen, wengi wao Wakristo wa Kikopti, ambao familia zao zilitoka Misri ya Juu miongo mingi iliyopita. Kazi yao ni taka. Wanapanda ngazi za majengo mlango kwa mlango, wanachukua taka, wanarudi nazo kwao, wanazitenganisha kwa mikono: plastiki huku, karatasi huku, chuma huku, na mabaki ya chakula yalikuwa ya nguruwe wao. Inakadiriwa kwamba walikuwa wakirejeleza hata asilimia 80 ya walichokusanya. Sista Emmanuelle, mtawa aliyefariki mwaka 2008 karibu afikishe miaka 100, alikwenda kuishi kati yao mwaka 1971 akakaa nao zaidi ya miaka ishirini, na wasomaji wetu watawa wanamfahamu vizuri.

Mwaka 2003 serikali ya Misri ikaamua kuwa ya kisasa. Ikaingia mikataba ya miaka mingi na makampuni kutoka Uhispania na Italia. Mikataba hiyo iliyataka makampuni yarejeleze asilimia 20 tu. Badala ya mtu kupanda ngazi, yakawekwa mapipa barabarani na watu wakaambiwa wapeleke taka wenyewe. Ada ikaunganishwa na bili ya umeme. Watu waliozoea kuchukuliwa taka mlangoni hawakuteremka. Magari makubwa hayakupenya vichochoro. Mapipa mengine yakaibwa, mengine yakafurika. Mwaka 2009, kwa hofu ya mafua ya nguruwe, serikali ikaamuru nguruwe wote wachinjwe, takribani 300,000, ingawa ugonjwa huo ulikuwa ukienea kati ya watu na nguruwe wale hawakuwa wameonekana nao. Mabaki ya chakula yakakosa wa kuyala, na mji ukanuka. Baada ya zaidi ya miaka kumi ya mikataba hiyo, serikali ikaanza kuwarudia Zabbaleen na kuwatambua.

Mapipa barabarani, ada ya lazima, gari lisilopenya, na wenye ujuzi wakifukuzwa: kitu gani katika mpango wetu hakimo katika hadithi hiyo? Misri ililipa gharama ya somo hili. Hatuna sababu ya kulilipia mara ya pili.

Waokota chupa wetu si watu wa kufikirika. Tunawaona alfajiri tukienda kufungua kanisa, kiroba begani, ndoano mkononi. Wengine ni vijana, wengine ni akina mama wenye wajukuu wa kulea. Anaokota chupa za plastiki, makopo, vipande vya chuma, anapeleka kwa mwenye mizani, anapimiwa kilo, anarudi na pesa ya unga. Hana mkataba, hana glovu, hana bima. Kila kilo aliyoiuza ni kilo ambayo gari halikuibeba kwenda Pugu, na hakuna aliyemlipa kwa hilo hata shilingi. Katika mtaa mzima yeye peke yake ndiye anayerejeleza. Ndiye huyo mpango wa kurejeleza unaoanza kwa kumpiga marufuku!

Tunaambiwa wanatawanya uchafu. Wengine wanatawanya, ni kweli. Mtu akichambua ndani ya kiroba kilichochanganywa machicha na chupa hana namna ila kukimwaga. Tenganisheni nyumbani, mpeni chupa mkononi, na hatakuwa na sababu ya kupasua kiroba. Tunaambiwa pia kwamba wapo wezi kati yao, wanaochukua ndoo na kandambili barazani. Wezi wapo. Wapo pia wavaao tai, na hatujasikia pendekezo la kupiga marufuku tai. Waandikishwe, wapewe vitambulisho na mitaa yao, wajulikane kwa majina kwa balozi, na mwizi atakosa mahali pa kujificha.

Twende kwenye hoja nzito zaidi, ambayo tumeisikia hata kwa watu tunaowaheshimu: kwamba Mtanzania hatenganishi taka, hana tabia hiyo, ni mambo ya Ulaya. Hoja hii inatuudhi kidogo. Tuliposoma seminarini, tukiwa vijana mia kadhaa wenye njaa ya kudumu, hakuna aliyetufundisha neno urejelezaji. Mabaki ya jikoni yalikwenda kwa nguruwe, maganda yalikwenda shimo la mboji, mboji ilikwenda bustanini, na mchicha ulirudi mezani. Wakati mwingine ulirudi mno. Makopo ya mafuta yalikuwa mali, yalipiganiwa. Bibi zetu vijijini hawakujua kutupa machicha mahali ambapo kuku wapo. Hata Bwana alipowalisha makutano, wanafunzi walipewa kazi ya kukusanya mabaki, wakajaza vikapu kumi na viwili. Kutupa kila kitu katika mfuko mmoja ndiyo tabia ngeni, na imekuja juzi pamoja na mfuko wenyewe.

Tena tumeona kwa macho yetu jinsi tabia inavyobadilika. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Waliosema haiwezekani walikuwa wengi. Tunawakumbuka, na wengine ni marafiki zetu. Katika siku chache rambo zikatoweka sokoni, vikapu vikarudi mikononi. Vile vifuko laini vya kufungia vitu vimeendelea kutumiwa kinyemela, tunakubali, na ufuatiliaji umelegea. Hata hivyo hakuna anayeweza tena kusimama na kusema watu hawa hawabadiliki. Walibadilika kwa sababu sheria ilikuwa moja kwa wote, tarehe ilijulikana, na kitu cha kutumia badala yake kilikuwepo. Mpango wetu una tarehe tu.

Wala hatuombi muujiza usioonekana popote. Katika jiji hilihili, kata ya Bonyokwa, shirika la Nipe Fagio limefanya kazi na wakusanya taka walioungana katika ushirika wao. Kaya zinatenganisha, wakusanyaji wanapita nyumba kwa nyumba, zinazooza zinageuzwa mboji, zinazouzika zinauzwa, na kinachobaki kwenda dampo ni kidogo. Kule Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni kwa ushirikiano na mji wa Hamburg imejenga kiwanda cha kugeuza taka za sokoni na za kaya kuwa mboji. Manispaa ya Moshi imesifiwa kwa usafi mwaka baada ya mwaka, na sisi wa Dar es Salaam tukienda huko kwenye mazishi na harusi tunarudi tukisifu barabara zake, kisha tunatupa chupa dirishani tukipita Chalinze. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziwekea serikali za mitaa wajibu wa kupunguza taka ngumu na kusimamia utenganishaji wake pale zinapozalishwa. Pale zinapozalishwa ni jikoni, siyo kando ya lami.

Kwa hiyo tunachokiomba ni mpango ugeuzwe kichwa chini. Kinachooza kichukuliwe mara nyingi na kisisafiri mbali. Chupa na karatasi havina haraka, vinaweza kukaa hata majuma mawili bila kumdhuru mtu. Mpango uliopo umeviweka vyote katika siku moja kwa sababu umeanza na ratiba ya gari. Wasukuma mikokoteni na wenye maguta, ambao ndio pekee wanaoweza kufika mteremkoni, wapewe kazi rasmi ya kutoa ndoo za mabaki nyumbani hadi mahali pa mboji ndani ya kata, na walipwe kutokana na ada hiyohiyo. Gari lije barabarani kuchukua kilichobaki, ambacho kitakuwa kidogo na chepesi, na safari za Pugu zitapungua. Hapo ndipo mkandarasi atakapopata nafuu yake bila kumtwisha mjane. Nasi hatuichukii nafuu yake: mafuta yana bei, vijana wake wanahitaji mishahara na buti, na wapo kati yetu wasiolipa ada hata gari linapofika kila siku. Hao watajibu wenyewe.

Kuhusu ada, kiwango kimoja kwa wote kina sura ya usawa lakini ndani yake hakina haki. Nyumba ya ghorofa yenye wapangaji wa ofisi haizalishi taka sawa na chumba cha mjane. Kuna njia nyingi za kupanga viwango, na mjumbe wa mtaa anazifahamu nyumba zake bila kuuliza. Na kila ada ilipwe kwa risiti. Jambo hili tunalisisitiza kwa sababu tumeletewa malalamiko ya kaya zilizotozwa mara mbili mwezi mmoja na vijana wa mkandarasi wenye kitabu kisicho na muhuri. Hatumtaji mtu, kwa kuwa mahali pa kumtaja ni mkutanoni, mbele yake, apate nafasi ya kujibu. Mkataba mpya kabla ya kutiwa saini usomwe kwa sauti mbele ya wananchi: siku za gari kupita, adhabu lisipopita, na mtu wa kupigiwa simu. Mkataba usiosomwa kwa wanaoulipia ni siri ya watu wawili juu ya fedha za mtu wa tatu.

Kwa upande wa parokia, baraza la walei limekubali kwamba kona ya nyuma ya ukumbi, ilipokuwa karakana ya zamani, itumike kama mahali pa mboji kwa jumuiya mbili zilizo jirani, kuanzia mwezi ujao na bila kusubiri manispaa. WAWATA wamechukua jukumu la kuwafundisha akina mama, na tumewaomba wawafundishe na akina baba, maana ndoo haina jinsia. Waokota chupa wanne wanaopita mitaa hiyo tumekwisha kuzungumza nao. Mmoja wao alituuliza kama atatakiwa kuwa Mkatoliki. Tulimwambia hatakiwi.

Mkutano wa mtaa ni Jumamosi saa tatu asubuhi katika uwanja wa shule ya msingi. Misa ya asubuhi siku hiyo itakuwa saa kumi na mbili kamili, bila matangazo marefu, ili kila mtu awahi. Viongozi wa jumuiya wasiseme wote. Wachague watatu, na mmoja wao awe mama anayeishi njia za ndani. Wenye risiti za miezi sita iliyopita waje nazo, na wenye kumbukumbu za siku ambazo gari halikupita waziandike kwenye karatasi wakitaja tarehe, waziwasilishe kwa katibu wa baraza la walei kabla ya Ijumaa jioni.